Tanuri la Nane

Mmeniomba niandike niliyoyajua kabla sijayasahau, nami nimekubali kwa sharti moja: msitafute humu habari za vyeo. Niliingia chama chetu cha akiba na mikopo nikiwa karani, nikatoka nikiwa na kiti kinachozunguka, na katikati hapo kuna barua nyingi ambazo hata mimi nilizisoma mara moja tu. Nimestaafu mwezi uliopita. Naandika nikiwa barazani kwangu Ujiji, na jirani yangu amekwisha kuniuliza mara mbili kama nimefukuzwa.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikafika ofisini Kigoma mjini nikichechemea. Meneja wetu alikuwa Mzee Bukuru, Muha wa Kasulu, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Aliviangalia viatu, akaniangalia mimi, akasema, "Zuhura, leo huandiki kitu. Kaa pale kona, angalia watu wanavyokaa." Nilidhani ananidhihaki. Nilikuwa nimesoma hesabu za biashara, na kalamu mpya nilikuwa nayo, halafu naambiwa niangalie makalio ya watu.

Basi nikaangalia. Mbele ya meza yake palikuwa na viti viwili. Kila walipoingia mke na mume, mume alivuta kiti chake mpaka magoti yakagusa meza, na mke akarudisha chake nyuma mpaka kikagusa ukuta. Mke alikuwa akijibu kwa kichwa tu. Hadi adhuhuri nilikuwa nimeona jozi nane, na wote walifanya hivyo hivyo. Nilipomweleza mzee, aliitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. Wiki ile ile viti vikaondolewa, fundi akaleta benchi la mninga. "Kiti kina mwenyewe," Mzee Bukuru aliniambia. "Benchi halina mwenyewe." Kama mmefikiria kulitupa mlete viti vya plastiki, nitakuja mwenyewe kulichukua.

Dawati la wastaafu wa jeshi nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Wenzangu walisema askari wanaongea kwa sauti kubwa. Ni kweli, wanaongea kwa sauti kubwa, lakini mimi nimekulia Ujiji jirani na soko, sauti haijawahi kunitisha. Waliokuja kwangu walikuwa vijana wa huku waliokwenda jeshini wakarudi nyumbani watu wazima, na wengine walikuwa wa mikoa mingine waliooa huku wakaamua kubaki. Wote walikuwa na kitu kimoja: kiinua mgongo kinachokuja mara moja. Kikiharibika, hakuna awamu ya pili.

Nataka mlielewe jambo hili, maana nimewasikia baadhi yenu mkicheka. Askari anayetoka kambini si mjinga. Ni mtu aliyeishi miaka ishirini na zaidi mahali ambapo nyumba ipo, maji yapo, taa inawaka, na akiumwa zahanati iko palepale. Nilimpata mstaafu mmoja aliyekuja ofisini kulalamika kwamba nyumba aliyopanga ina kasoro, taa zimezimika zote kwa pamoja. Nilimwuliza kama amenunua umeme. Akaniuliza umeme unanunuliwaje. Alikuwa mtaalamu wa mitambo, na angeweza kufungua injini ya lori akaifunga macho yakiwa yamefumbwa. Nilimfundisha kuingiza namba za luku kwa heshima zote, kwa sababu siku moja nami nitakuwa mgeni mahali fulani.

Kosa lao kubwa huwa si uvivu. Huwa ni kudhani biashara inaendeshwa kwa amri. Koplo mmoja alinunua bajaji tatu akawapa wapwa zake. Kila asubuhi saa moja bajaji zilipangwa mstari uwanjani kwake, zikaoshwa, zikafutwa, naye akapita akizikagua matairi na vioo. Zilikuwa bajaji safi kuliko zote Kigoma. Abiria hazikuwa nao, kwa sababu zilikuwa zikikaguliwa saa ileile watu wanapokwenda kazini.

Kutokana na bajaji zile nikaanzisha desturi ya asubuhi tatu. Yeyote aliyeniletea wazo la biashara nilimwambia aende akakae mahali pa biashara hiyo asubuhi tatu mfululizo. Asiuze wala asinunue kitu. Akae tu, kisha aje aniambie alichokiona, na mke naye aende kwenye wazo lake, kama analo. Wengi walinuna. Wachache hawakurudi kabisa, nao niliwahesabu kuwa nimewasaidia.

Sasa niwaeleze kesi iliyonitoa jasho. Ilikuja mwaka wangu wa mwisho, wakati nilipokuwa nimekwisha kujiona bingwa.

Aliyekuja kwanza alikuwa mwanamke, peke yake. Jina lake Skola, Mngoni wa Songea, mke wa Sajini Taji Gervas Ntakije, mzaliwa wa Mwandiga. Mumewe alikuwa likizo, amebakiza miezi miwili atoke jeshini baada ya miaka ishirini na sita. Skola alitaka ushauri wa kufungua kazi ya kuoka mikate pale Mwandiga. Nilimwuliza uzoefu wake, akanijibu bila kuficha: ameoka mikate katika vituo saba walivyoishi, kila kituo alijenga tanuri la udongo na matofali nyuma ya kota yao, na mara zote saba alifunga.

Mara saba! Nilimshukuru, nikamwambia arudi na mumewe. Alipotoka nikachukua penseli yangu nyekundu, nikaandika pembeni ya fomu yake: "Hadumu na kazi." Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Naona aibu mpaka leo.

Walirudi wawili wakakaa kwenye benchi. Gervas alikuwa mtu mrefu, mkakamavu, mwenye tabasamu la kumpendeza mtu. Wazo lake lilikuwa boti na injini pale Kibirizi kando ya ziwa, wavue dagaa, na msimamizi awe mdogo wake aitwaye Jastini. Jastini alikuwa amekwisha kupatana bei na mwenye boti, na mwenye boti alikuwa ametoa muda wa siku kumi apewe arubuni. Maana yake ni kwamba karibu kiinua mgongo chote kingekwenda majini. Niliwapa asubuhi tatu, yeye Kibirizi, mkewe Mwandiga. Kusema kweli, moyoni nilikuwa upande wa boti.

Gervas alipofika Kibirizi alikaa kwa dakika kumi, akashindwa. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia, bila kujionea haya. Aliona wabebaji wanashusha dagaa ovyo, wanapishana na kugongana, akasimama kwenye changarawe akaanza kuwapanga mistari miwili, wanaoshuka kushoto, wanaopanda kulia. Mbebaji mmoja mwenye beseni kichwani akasimama mbele yake.

"Mwakeye, mzee," akamsalimu.

"Mwakeye."

"Mzee, hapa kila mtu analipwa kwa beseni. Nikisimama kwenye mstari wako, watoto wangu watasimama na njaa."

Gervas akarudi kukaa. Siku ya tatu ndipo aliposikia wavuvi wakizungumza juu ya miezi ya kulipumzisha ziwa, ambapo boti hukaa nchi kavu na mwenye boti hula akiba yake. Alimwuliza Jastini kwa nini hakumwambia. Jastini akamjibu, "Kaka, kila mtu anajua."

Walipokuja wote wawili, Skola kwa upande wake alileta habari fupi. Mwandiga, alisema, watu wengi hunywa chai kwa mihogo au maandazi, kwa hiyo majumbani hatauza sana. Lakini pale barabarani magari ya Kasulu na ya Manyovu huanza kujaza abiria saa kumi na mbili asubuhi, na mikate inayotoka mjini hufika saa tatu, wakati wasafiri wamekwisha kuondoka. Siku zote tatu aliwaona abiria wakiulizia mkate dukani, wakaondoka na biskuti. Alikuwa amejaribu pia kukanda unga kwa mawese kidogo badala ya mafuta mengine. Mkate ukatoka wa manjano kama mkate wenye mayai, na mama mwenye duka akamwuliza ametumia mayai mangapi.

Nikaanza kuikumbuka penseli yangu nyekundu. Na kabla sijasema neno, Gervas akasema.

"Bi Zuhura, mimi mke wangu nampenda, na mikate yake naijua. Lakini tuseme ukweli. Huyu hadumu. Hata wewe umeandika hapo."

Alikuwa ameisoma fomu iliyokuwa mezani kwangu, juu chini. Jeshini wanawafundisha kusoma ramani, nami nilidhani maandishi yangu yana siri! Skola akainama naye akasoma. Alikunja mikono yake mapajani, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa. Nilijua kwamba nikinyamaza pale, fedha ile inakwenda kwenye boti, na mwanamke huyu atakwenda kuishi kwa wakwe zake, ugenini, akiwa hana hata kitu kimoja chenye jina lake, na mkono uliomfungia mlango ni wangu.

Ndipo nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza. "Dada Skola, la kwanza ulilifunga kwa nini?"

"La Songea? Tulihamishwa."

"Na la pili?"

"Uhamisho. La tatu pia." Aliendelea kwa sauti ileile, bila kulalamika. "La Songea niliondoka likiwa bado la moto. Gari la kuhama lilikuja saa nne asubuhi, mikate iko ndani haijaiva. Nilimwachia mke wa aliyehamia. Baadaye aliniandikia kwamba iliiva vizuri. La Tabora nililiuza kwa bei ya kuku wawili, kwa sababu kila mtu anajua anayehama hana muda wa kubishana bei. Lingine sikuliuza hata kidogo, nani atanunua tanuri akalibebe?"

Hiyo, wenzangu, ndiyo desturi ambayo mimi na miaka yangu yote kwenye dawati lile sikuwa nimeielewa. Barua ya uhamisho ikifika kambini, wake hutoa vitu nje: kitanda, kuku, cherehani, meza ya kuuzia vitumbua. Majirani hununua kwa bei ya bure, na wanaonunua wanajua zamu yao inakuja. Mume hufika kituo kipya akaikuta kazi yake inamngoja. Mke hufika akaanza kukanyaga udongo upya. Nilikuwa nimewaona wanawake wengi wenye historia ya namna hiyo, na wote nilikuwa nimewaandikia kwamba hawatulii.

Gervas alikuwa amekaa wima. "La Musoma halikuwa uhamisho," akasema polepole. "La Musoma ulisema lilibomoka kwa mvua."

"Nilikuambia limebomoka."

"Halikubomoka?"

"Ulikuwa umepandishwa cheo na kuhamishwa, Baba Editha. Uliingia ndani na barua unaimba. Ningekuambia nini? Kwamba wiki ile ndiyo nilikuwa nimepata shule ya kuipelekea mikate kila siku?"

Gervas akasimama, mikono ubavuni, kama aliyeitwa na mkubwa wake. Kisha akatoka nje. Tulibaki wawili, mimi nikatafuta kifutio, nikafuta yale maneno mekundu. Karatasi ikachanika. Nikatoa fomu mpya, nikaanza upya mbele yake, na nilipofika kwenye uzoefu nikaandika: "Ameanzisha kazi mara saba bila mtaji wa mtu, zote zikasimama imara mpaka alipohamishwa." Nikamwomba radhi kwa mdomo wangu. Alisema, "Yaishe, dada," lakini aliisoma fomu yote kabla ya kuyasema hayo.

Mumewe aliporudi macho yalikuwa mekundu, nasi hatukuyaona. "Kwa Jastini nitakwenda mwenyewe," alisema.

Alikwenda kweli, na Jastini akawaka. Gervas alinisimulia maneno yao, nami nimeyahifadhi kwa sababu yananipa raha. Jastini alimwambia, "Kaka, yaani wewe mtu mzima unatawaliwa na mwanamke?" Gervas akamjibu, "Mimi nimetawaliwa miaka ishirini na sita, mdogo wangu. Huyu ndiye mkubwa wa kwanza anayenipikia."

Mngedhani kesi imeishia hapo. Haikuishia. Gervas alitaka kulipa deni la matanuri saba, na kama kawaida ya wanaume wenye haraka ya kulipa, akaja na zawadi isiyofaa. Alikuja ofisini na mkewe, anang'aa: amezungumza na wazee, na ukoo umekubali wajenge tanuri kwenye ardhi ya familia, nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake. Bure kabisa! Hela ya kiwanja ingebaki kwa unga na kuni. Kwenye karatasi hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Skola akakataa.

"Wamekupa wewe," alisema. "Wewe ni mtoto wao. Ukitangulia wewe, mimi ni nani pale?"

"Ni mke wangu! Nani atakugusa?"

"Hata kwenye kota nilikuwa mke wako. Gari lilipokuja niliondoka." Akamgeukia mumewe. Nilikuwa sijamsikia akipandisha sauti hata siku moja, na siku ile pia hakupandisha. "Gervas, nimewaachia watu matanuri saba, na sikukulaumu. La nane silijengi kwenye ardhi ya mtu."

Gervas alinitazama mimi, akitafuta msaada. Askari hupenda kuwe na mtu wa tatu mwenye cheo. Nilimwambia kwamba kwa umri wangu na kwa yale niliyoyaona, wajane wengi wa wastaafu waliofika mezani kwangu walikuwa wamejengewa vizuri, na walikuwa wamejengewa kwenye ardhi ya ukoo. Aliiacha chai iliyoletwa mpaka ikapoa, kisha akauliza kiwanja cha barabarani Mwandiga kinapatikanaje.

Tulipata kiwanja kidogo, hatua chache kutoka wanapojazia abiria. Siku ya kuandikishana tulikwenda ofisi ya mtendaji, mimi nikiwa shahidi. Kazi yangu haikunitaka niende. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na penseli ya kuitubia.

Mtendaji alikuwa kijana mpole mwenye mwandiko wa haraka. Alimwamkia Gervas shikamoo, akamkaribisha kiti, Skola akabaki amesimama mlangoni. Akaanza kuandika hati ya mauziano huku akisoma kwa sauti: "Mnunuzi, Gervas Ntakije na familia."

"Mwanangu," nikamwambia, "familia haina kidole gumba. Andika majina."

Akaomba radhi, akachukua karatasi nyingine. Gervas akainuka kwenye kile kiti, akamshika mkewe begani, akamkalisha yeye. "Andika Skola kwanza," akasema.

"Lakini, afande, kwa kawaida mume ndiye..."

"Andika."

Ilikuwa amri, na nakiri kwamba safari hiyo amri ilifaa. Mtendaji akaandika jina lake lote, Skolastika, na jina la baba yake wa Songea, kisha akamwuliza bila kuinua kichwa, "Makazi ya kudumu?"

Skola akamtazama mumewe. Aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote ile, zahanati, shuleni kwa watoto, hata siku ya kujiandikisha kupiga kura, swali hilo alijibiwa na mumewe, na jibu lilikuwa jina la kambi. Gervas alifungua mdomo kwa mazoea. Akaufunga.

"Makazi ya kudumu, mama?"

"Hapa," Skola akasema. "Mwandiga." Mtendaji alipokuwa akiandika, akamgeukia mumewe aliyesimama nyuma yake. "Na barua ya uhamisho ikija tena, Baba Editha, safari hii utakwenda peke yako."

Gervas alicheka mpaka akashika meza. Mtendaji akacheka, nami nikacheka. Skola hakucheka. Alikuwa amekwisha kuchovya kidole gumba kwenye wino, anangoja aonyeshwe mahali pa kubandika.